Jinsi ya Kutazama Michezo ya Majira ya Baridi Ukiwa Nairobi na Kulisoma Jedwali la Medali Bila Kupotoshwa

Mwongozo huu ni wa mtazamaji wa Nairobi anayeijua riadha na kandanda barabara, lakini ambaye akiwasha televisheni mwezi wa Februari na kukutana na mtu aliyelala chali juu ya kijisleji, akiteremka mfereji wa barafu kwa kasi ya gari la barabara kuu, hajui aangalie nini wala kwa nini mtangazaji anapaza sauti. Nitaeleza namna ya kupata matangazo, namna ya kupanga saa, na mambo ya kutazama kwenye kioo katika baadhi ya michezo. Nitakaa zaidi kwenye jedwali la medali, kwa sababu hapo ndipo vituo vya televisheni vinapotuuzia ushindani wa mataifa, na hapo ndipo mtazamaji asiye mwangalifu anapopigwa changa la macho.

Jua kwanza picha zinatoka wapi

Tangu Michezo ya Vancouver ya mwaka 2010, picha za Olimpiki ya Majira ya Baridi hutengenezwa na Olympic Broadcasting Services, kampuni iliyoanzishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) mwaka 2001 na yenye makao yake Madrid. Kampuni hiyo ndiyo inayopanga kamera mlimani na ukumbini, ndiyo inayoweka michoro ya muda na alama pembeni mwa kioo, kisha inawapelekea picha hizo wenye haki za matangazo wa kila eneo. Kituo cha nchi huongeza sauti ya mtangazaji wake, na vile vikubwa huongeza kamera zao pia, halafu huamua ni shindano gani lirushwe moja kwa moja, lipi lingoje muhtasari wa usiku, na ni mwanamichezo gani aonyeshwe akilia au akikumbatiana na mama yake. Kwa hiyo Mnorwe na Mmarekani wanaotazama mbio zilezile huona karibu picha zilezile lakini husimuliwa hadithi mbili, na wakati mwingine mmoja wao haonyeshwi mbio hizo kabisa.

Desturi hii ni ya zamani. Tarehe 22 Februari 1980, mjini Lake Placid, timu ya Marekani ya magongo ya barafu, iliyojaa vijana wa vyuo, iliifunga timu ya Umoja wa Kisovieti mabao 4 kwa 3 katika mchezo ambao Wamarekani hawajaacha kuusimulia hadi leo. Mchezo ulianza saa kumi na moja jioni kwa saa za huko, lakini kituo cha ABC kiliuhifadhi na kuurusha usiku, wakati familia zimekwisha kula na kukaa sebuleni. Watu wengi wanaokumbuka kwamba waliutazama ushindi huo ukitokea, kwa kweli walitazama marudio.

Fedha nazo hupanga saa. NBC ya Marekani iliahidi kulipa dola bilioni 7.75 kwa haki za Michezo ya kuanzia 2021 hadi 2032, na anayelipa kiasi hicho hasikilizwi kwa sikio moja. Huko PyeongChang mwaka 2018, fainali za kuteleza kwa madoido kwenye barafu, ambazo kwa kawaida ni za usiku, zilianza saa nne asubuhi kwa saa za Korea ili ziwafikie Wamarekani jioni yao. Hapa Nairobi ilikuwa saa kumi alfajiri. Ukiona ratiba ya ajabu, usiilaumu theluji kabla ya kuangalia ni saa ngapi New York.

Kutafuta matangazo

Haki za matangazo huuzwa kwa kanda, nasi huwekwa katika fungu la Afrika kusini mwa Sahara. Mwenye haki anaweza kubadilika kutoka Michezo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usitegemee kwamba chaneli iliyokuonyesha mara iliyopita ndiyo itakayokuonyesha tena. Wiki mbili hivi kabla ya ufunguzi, ingia kwenye tovuti ya olympics.com utafute orodha ya wenye haki wa eneo letu, kisha uangalie kama chaneli zao zimo katika kifurushi chako cha king'amuzi. Usipandishe kifurushi kwa sababu tu umeona tangazo lenye picha ya mlima. Subiri ratiba ya siku tatu za mwanzo itoke, kwa kuwa chaneli inaweza kutangaza kwamba inaonyesha Olimpiki na kumbe inachoonyesha ni muhtasari wa saa moja usiku wa manane.

Nje ya Olimpiki hali ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Michezo hii huchezwa kila mwaka, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi, katika mashindano ya Kombe la Dunia, na mashirikisho yake hurusha mengi kupitia chaneli zao za YouTube katika nchi ambazo hazina kituo kilichonunua haki. Shirikisho la kuteleza kwenye barafu (ISU), la bobsledi na skeletoni, yaani michezo ya sleji (IBSF), na la baiathloni, mchezo wa skii na kulenga shabaha (IBU), ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikutana na ujumbe kwamba video haipatikani nchini mwako, achana nayo utafute shindano jingine. Zile tovuti za wizi zinazofungua matangazo matano ya kamari kabla ya kukupa picha inayokwamakwama zitakumalizia bando na pengine kukuachia virusi kwenye simu.

Kuhusu bando, video ya ubora wa juu inaweza kula gigabaiti moja hadi tatu kwa saa. Kama huna Wi-Fi nyumbani, punguza ubora kwa michezo yenye kamera tulivu, kama vile kalingi, mchezo wa kusukuma mawe mazito juu ya barafu, na uache ubora wa juu kwa magongo ya barafu, ambapo kile kisahani cheusi wanachokipiga hakionekani kabisa picha ikiwa na ukungu.

Wengine watapenda kutazama baa au mkahawani, na hapo kuna siasa ya rimoti. Jumamosi za Februari, mechi ya mwanzo ya Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, na Jumapili saa kumi na moja jioni au karibu na hapo, na kuanzia hapo hutasikilizwa na mtu. Lakini mbio nyingi za kuteremka milima ya Ulaya huanza kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati skrini zinaonyesha marudio yasiyotazamwa na yeyote. Muombe mhudumu kwa upole, agiza kitu, keti karibu na skrini ndogo ya kando wala si ile kubwa ya katikati, na umwambie tangu mwanzo kwamba utairudisha mpira ukianza. Siku za Ligi ya Mabingwa, una hadi karibu saa tano usiku, isipokuwa kama kuna mechi ya mapema.

Kupanga saa

Nairobi haibadilishi saa. Mwezi wa Februari, Italia na Ufaransa ziko nyuma yetu kwa saa mbili, Beijing iko mbele kwa saa tano, na Utah, itakayoandaa Michezo ya 2034, iko nyuma kwa saa kumi. Maana yake ni kwamba Michezo ya Milano Cortina ya 2026, iliyopangiwa tarehe 6 hadi 22 Februari, na ile ya 2030 katika Alps za Ufaransa, inamfaa mtu wa Nairobi kuliko mwingine wowote: shindano la saa tano na nusu asubuhi huko ni saa saba na nusu mchana hapa, na fainali ya saa moja jioni huko ni saa tatu usiku hapa. Utah itatutesa, kwa kuwa fainali ya saa moja usiku itatufikia saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata.

Chukua daftari uandike ratiba yako mwenyewe kwa mtindo mmoja wa saa. Ratiba rasmi huandika 19:00, nasi tunasema saa moja, na huandika 01:00, nasi tunasema saa saba usiku, na ukichanganya mitindo hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja utajikuta umeketi jioni ukingoja shindano litakaloanza usiku wa manane. Andika pia tarehe ya Nairobi, hasa kwa Michezo ya Marekani. Tena usijaze daftari. Michezo ya Beijing 2022 ilikuwa na mashindano 109 katika siku 17, na ya Milano Cortina ilipangiwa 116, na hakuna mwenye kazi na familia anayeweza kuyatazama hayo yote. Chagua michezo mitatu au minne uifuate tangu mchujo hadi fainali. Mchujo ndio unaokufundisha sheria, na fainali ukiikuta hujui sheria ni kelele tu.

Cha kutazama kwenye kioo

Nianze na baiathloni, kwa sababu ndiyo inayomfaa zaidi mtu aliyezoea mbio za masafa marefu. Wanamichezo hukimbia kwa skii, zile mbao nyembamba za kuteleza kwenye theluji, wakiwa na bunduki mgongoni, kisha husimama kulenga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50. Wakilala kifudifudi, shabaha ina kipenyo cha milimita 45. Wakisimama wima, hupanuka kuwa milimita 115. Pembeni mwa kioo utaona duara tano nyeusi, na kila risasi ikigonga, duara moja hugeuka nyeupe. Duara ikibaki nyeusi, mwanamichezo huzunguka kitanzi cha adhabu cha mita 150 kwa kila kosa, isipokuwa katika mbio za mtu binafsi za mtindo wa zamani, ambapo kwa desturi huongezewa dakika nzima. Usimtazame anayeongoza. Tazama kifua cha yule anayefika uwanja wa shabaha: anayehema kwa nguvu na kufyatua haraka ana hatari ya kukosa, na anayengoja pumzi zitulie hupoteza sekunde ambazo wenzake hawampi. Mbio nyingi huamuliwa katika kituo cha mwisho cha kulenga, kwa hiyo hata ukichelewa kurudi kutoka kazini, ukikikuta kituo hicho umekuta kiini.

Katika skii za kuteremka mlima, muda hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, na mchoro wa kioo hugeuka kijani mwanamichezo akiwa mbele ya anayeongoza, na mwekundu akiwa nyuma. Wenye viwango vya juu hupangwa miongoni mwa wa mwanzo kuteremka, jambo linalowashawishi watangazaji kufunga hesabu mapema. Tarehe 17 Februari 2018, katika supa-ji ya wanawake, mojawapo ya mbio za kuteremka mlima, NBC ilikwisha kumtaja Anna Veith wa Austria kuwa mshindi, ikahamia kwenye kuteleza kwa madoido, na wakati huo huo Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, aliyevaa nambari 26 na aliyejulikana zaidi kwa mchezo wa ubao wa theluji, akateremka na kushinda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Picha za uso wake akiutazama ubao wa matokeo bila kuamini zilitoka kwenye kamera ambazo NBC ilikuwa imeziacha. Kanuni ya vitendo ni kwamba usiondoke hadi nambari 30 afike chini, na kama kituo chako kinaondoka mapema, weka matokeo ya moja kwa moja kwenye simu.

Kuteleza kwa madoido kunawashinda wengi kwa sababu ya alama. Zamani majaji walitoa alama hadi 6.0, lakini baada ya kashfa ya shindano la wachezaji wawili-wawili huko Salt Lake City mwaka 2002, ambapo jozi ya Urusi na ya Kanada hatimaye zote zilipewa dhahabu, mfumo huo ulitupwa. Siku hizi kuna alama za ufundi, zinazohesabiwa kila mruko unapofanyika, na alama za uwasilishaji, zinazotolewa mwishoni. Juu pembeni mwa kioo kuna kisanduku kinachojumlisha alama za ufundi papo hapo, pamoja na taa ndogo kwa kila kipengele: kijani maana yake kimepata alama nzuri, na njano maana yake waamuzi wanakichunguza tena. Mtangazaji anaweza kuwa anasifu uzuri wa muziki huku njano tatu zimejipanga pale juu, na hapo wewe utakuwa umejua kabla yake kwamba mambo si mazuri.

Luji, skeletoni na bobsledi zinafanana machoni, na huhitaji kujua mengi. Tazama sehemu ya mwanzo ya kusukuma au kujivuta, kwa kuwa sehemu ndogo za sekunde zinazopotea hapo huzidi kukua hadi chini. Luji hupimwa kwa sehemu ya elfu. Kuruka kwa skii ni rahisi zaidi: televisheni huchora mstari wa kijani juu ya theluji kuonyesha mahali pa kufika ili kuongoza, ingawa alama za majaji na fidia ya upepo zinaweza kumnyima nafasi aliyeupita. Kalingi hutazamwa vizuri ukiwa unapika.

Kulisoma jedwali la medali

Katiba ya Olimpiki, kanuni ya 6, inasema kwamba Michezo ni mashindano kati ya wanamichezo na si kati ya nchi. Hata hivyo hakuna kituo cha televisheni kinachomaliza jioni bila kuonyesha jedwali la nchi, na ni haki kukiri kwamba nasi Wakenya tungelalamika kisipofanya hivyo mwezi wa Agosti. Jambo la muhimu ni kujua kwamba jedwali hupangwa kwa njia mbili. Nchi nyingi hupanga kwa dhahabu kwanza, na fedha na shaba hutumika kutenganisha wenye dhahabu sawa. Vyombo vingi vya Marekani hupanga kwa jumla ya medali zote bila kujali rangi.

Tofauti hiyo si ndogo. Huko Lake Placid 1980, wakati wa Vita Baridi, Umoja wa Kisovieti ulipata dhahabu 10 na jumla ya medali 22. Ujerumani Mashariki ilipata dhahabu 9 na jumla ya medali 23. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa wa kwanza, kutegemea gazeti ulilonunua. Huko Beijing 2022, Kanada ilikuwa na dhahabu 4 tu, ikawa ya 11 kwa hesabu ya dhahabu, lakini kwa medali zake 26 ilikuwa ya nne kwa hesabu ya jumla. Kabla ya kuamini kichwa cha habari kinachosema nchi fulani imeipiku nyingine, tafuta safu ipi imetumika kupanga.

Jambo la pili ni kujua medali zinatoka wapi. Michezo haigawi medali sawasawa. Kati ya mashindano 109 ya Beijing, skii za nyika, yaani mbio za masafa kwenye theluji, zilikuwa na 12, baiathloni 11, na mbio za kasi za kuteleza kwenye uwanja mrefu wa barafu 14, jumla 37, zaidi ya theluthi ya mashindano yote. Magongo ya barafu, mchezo unaochukua takriban wiki mbili za televisheni na wachezaji zaidi ya 20 kwa kila timu, ulikuwa na mashindano mawili tu: wanaume na wanawake. Nchi inaweza kuwekeza katika timu nzima ya magongo ikapata medali moja, wakati mwanabaiathloni mmoja, Johannes Thingnes Bø wa Norway, aliondoka Beijing na medali tano, nne kati yake zikiwa za dhahabu.

Ukishika hilo, ubabe wa Norway hauwi muujiza tena. Nchi hiyo ilikuwa na watu takriban milioni 5.4 mwaka huo, si wengi sana kuliko kaunti ya Nairobi, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu milioni 4.4, lakini ilishinda dhahabu 16, na 11 kati ya hizo zilitoka katika skii za nyika na baiathloni, yaani katika michezo yenye mashindano mengi na ambayo watoto wa huko huianza mara wanapojua kusimama. Ujerumani ilipata dhahabu 12, na tisa kati yake zilitoka katika sleji, ambako kulikuwa na dhahabu kumi tu za kushindania. Ni nchi iliyojenga njia nne za barafu, Altenberg, Königssee, Oberhof na Winterberg, wakati nchi nyingi hazina hata moja. Uholanzi ilipita kiasi huko Sochi 2014, ilipochukua medali 23 kati ya 36 za mbio za kasi za uwanja mrefu. Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi hapo: medali zetu zote 11 za Paris 2024 zilitoka katika riadha, na dhahabu nne kati ya hizo zilitufikisha nafasi ya 17. Norway ni Iten yenye theluji na bajeti.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza utengeneze jedwali dogo la mchezo mmoja mmoja badala ya kufuata lile kubwa. Katika daftari lako la ratiba, chora ukurasa kwa kila mchezo uliouchagua, uandike nchi tatu za kwanza za kila shindano. Baada ya siku nne au tano utaona upinzani halisi ukijitokeza: Norway na Sweden katika skii za nyika, Uswisi na Austria katika kuteremka mlima, Korea Kusini na China katika mbio za kuteleza kwenye uwanja mfupi wa barafu. Katika magongo ya wanawake, kila fainali ya Olimpiki kuanzia 1998 hadi 2022 ilikuwa Marekani dhidi ya Kanada, isipokuwa ya 2006, ambapo Sweden iliitoa Marekani katika nusu fainali. Upinzani wa namna hiyo una historia, hasira na heshima, na wachezaji wanajuana kwa majina. Upinzani wa jedwali kubwa, kama ule wa Marekani dhidi ya Urusi au China, mara nyingi ni wa watangazaji, kwa kuwa nchi hizo hupata medali zake katika michezo tofauti na wanamichezo wake wengi hawakutani kabisa.

Kuhusu Urusi, angalia pia jina na bendera. Kwa sababu ya kashfa za dawa zilizokatazwa, wanamichezo wake walishiriki Beijing 2022 kwa jina la Kamati ya Olimpiki ya Urusi, ROC, na wakapata medali 32, za pili kwa jumla. Baada ya vita vya Ukraine kuanza, kwa Milano Cortina uliwekwa utaratibu wa kuwakubali wachache tu, kama wanamichezo binafsi wasio na bendera, bila timu. Ukilinganisha majedwali ya miaka hiyo bila kulikumbuka hili, utadhani nchi fulani zimepiga hatua kubwa katika skii za nyika, kumbe mpinzani mmoja mkubwa ameondolewa uwanjani.

Tena usilichukue jedwali la siku ya kufunga kuwa la mwisho. Shindano la timu la kuteleza kwa madoido la Beijing lilishindwa na ROC, lakini sampuli ya Kamila Valieva ya Desemba 2021 ilikutwa na dawa iliyokatazwa, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilitoa uamuzi Januari 2024. Dhahabu ikaenda Marekani, fedha Japani, na ROC ikashushwa hadi shaba. Marekani na China sasa zina dhahabu tisa kila moja, na kwa kuwa Marekani ina fedha tisa dhidi ya nne za China, nafasi ya tatu iliyokuwa ya mwenyeji wakati wa kufunga Michezo ikahama. Wanamichezo wa Marekani na Japani walivishwa medali zao Paris, Agosti 2024, katikati ya Michezo ya majira ya joto. Medali huongezeka pia kwa sare: mwaka 2018 Ujerumani na Kanada zilimaliza bobsledi ya wanaume wawili kwa muda uleule, zikapewa dhahabu mbili, na fedha haikutolewa.

Bendera yetu

Afrika haikupata medali yoyote ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kuanzia Chamonix 1924 hadi Beijing 2022, kwa hiyo jedwali halikusaidii kumfuatilia Mkenya. Tumia orodha ya washiriki. Philip Boit alitufungulia njia huko Nagano 1998 katika skii za nyika za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Boit alirudi 2002 na 2006, na alimpa mwanawe jina la Daehlie. Sabrina Simader akawa Mkenya wa kwanza mwanamke katika Michezo hiyo, PyeongChang 2018, katika kuteremka mlima. Wanamichezo wa nchi zisizo na theluji hupangwa nyuma, na kituo cha televisheni huweza kukata matangazo kabla hawajateremka, kwa hiyo tafuta nambari ya kifuani katika orodha ya kuanzia, ambayo hutolewa jioni ya siku iliyotangulia, na ufungue matangazo kamili ya mtandaoni badala ya chaneli ya kawaida.

Anayetaka kuonja barafu yenyewe, uwanja wa Panari kwenye Barabara ya Mombasa ulifunguliwa mwaka 2005, na ndiko timu ya magongo ya Ice Lions ilikokulia. Piga simu kwanza uulize kama umefunguliwa.

Michezo ikimalizika, msimu wa Kombe la Dunia huendelea hadi Machi, na ratiba zake hazina kelele wala bendera nyingi. Jihadhari tu na Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya inaposogeza saa zake mbele: kuanzia siku hiyo tofauti yetu na Italia ni saa moja badala ya mbili, na shindano ulilozoea kulipata saa saba na nusu mchana litaanza saa sita na nusu.